Shilingi ya antena ianzie juu ya paa, si kwenye busta

Msimu wa mavuno unapofika, fedha ya mkulima hutafutwa na wengi. Kuna anayedai deni la pembejeo, kuna ada ya shule, kuna fundi bati, na kuna muuza vifaa vya televisheni anayezunguka minadani na kisanduku kidogo chenye taa nyekundu kiitwacho busta. Maelezo yake ni mafupi: picha ikikwama, chomeka busta. Wengi huchomeka, wachache huona tofauti. Waliobaki hurudi mnadani wiki inayofuata na kuuziwa antena kubwa zaidi, na hiyo nayo ikishindwa wanaambiwa dawa ni dishi na kifurushi cha kila mwezi.

Sehemu kubwa ya matumizi hayo inaweza kuepukwa. Katika nyumba nyingi ambazo antena inakamata kwa kusuasua, kinachokosekana si kifaa kipya. Tatizo liko kwenye mahali antena ilipofungwa, urefu wa kebo na hali ya viungo vyake. Mambo hayo hurekebishwa kwa gharama ndogo, na mengine hayahitaji hata senti. Busta inapaswa kuwa kitu cha mwisho kununuliwa, na mara nyingi mwenye nyumba akifika huko mwisho ataona haihitaji tena.

Wapo watakaouliza televisheni inahusiana vipi na kilimo na biashara. Inahusiana kwa sababu mbili. Kwanza, utabiri wa mvua za vuli na masika unaotolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa, habari za vibali vya kuuza mazao nje ya nchi na habari za magonjwa ya mifugo bado huwafikia watu wengi kupitia taarifa ya habari ya jioni. Simu nayo inazo habari hizo, lakini simu hula bando. Antena haili bando. Pili, kwa mama lishe, kinyozi na mwenye kibanda cha kuonyesha mpira, televisheni ni chombo cha kazi kama ilivyo mizani kwa mwenye duka. Picha ikiganda dakika ya 80, mteja huondoka na soda yake haijafunguliwa.

Upo pia upande wa hesabu. Chukulia kaya inayolipa Sh12,000 kwa mwezi, si kwa sababu inataka vituo vya nje, bali kwa sababu antena yake imeshindwa kukamata vituo vya ndani vyenye leseni ya kutazamwa bila malipo ya mwezi. Kwa mwaka ni Sh144,000. Fedha hiyo ingeweza kwenda kwenye mbegu na mbolea ya kipande cha shamba. Anayependa ligi za Ulaya na tamthilia alipie, ni haki yake. Anayelipia kifurushi ili aone taarifa ya habari tu, huyo analipa kodi ya antena mbovu.

Chanzo cha mkanganyiko ni mabadiliko ya mitambo. Tanzania ilianza kuzima matangazo ya analojia jijini Dar es Salaam Desemba 31, 2012, na mikoa mingine ikafuata kwa awamu. Chini ya makubaliano ya kimataifa yaliyofikiwa Geneva mwaka 2006, nchi nyingi zilipewa hadi Juni 17, 2015 kukamilisha kazi hiyo. Wakati wa analojia, antena dhaifu ilileta picha yenye chenga, lakini mtu alivumilia na sauti ikasikika. Dijitali haina uvumilivu huo. Mawimbi yakifika ya kutosha picha huwa safi kama kioo. Yakipungua kidogo tu chini ya kiwango, picha inaganda, inakatika vipande, kisha skrini inakuwa nyeusi. Hakuna katikati. Ndiyo maana nyumba mbili jirani zenye antena za aina moja zinaweza kuwa moja inaona kila kitu na nyingine haioni chochote. Yule asiyeona hudhani mnara uko mbali mno, kumbe amepungukiwa na kidogo sana.

Na hicho kidogo ndicho kinachopaswa kutafutwa. Kipimo chake kipo ndani ya nyumba tayari. Karibu kila king'amuzi kina ukurasa kwenye menyu unaoonyesha mistari miwili. Mmoja huandikwa Strength, yaani nguvu ya mawimbi, na wa pili Quality, yaani ubora wake. Wauzaji wengi huonyesha wa kwanza. Unaohesabika ni wa pili. Nguvu ikiwa juu na ubora ukiwa chini, maana yake king'amuzi kinapokea kelele nyingi zilizochanganyika na matangazo. Nguvu ikiwa ya wastani na ubora ukiwa juu, picha itakaa imara hata kama mstari wa kwanza haupendezi macho.

Hapo ndipo busta inapoumbuka. Busta hukuza kila inachopewa: matangazo, kelele, na kelele yake yenyewe juu yake. Ni sawa na kumwaga mbolea kwenye shamba ambalo halijapaliliwa. Mahindi hunenepa na magugu hunenepa. Ukichomekwa nyuma ya televisheni, mstari wa nguvu unapanda, muuzaji anatabasamu, na mstari wa ubora unabaki palepale au unashuka.

Lipo jambo jingine ambalo halisemwi mnadani. Busta nyingi za zamani na za bei ya chini zimetengenezwa kukuza mawimbi ya kuanzia megahezi 470 hadi 862, kwa kuwa huko nyuma eneo lote hilo lilikuwa la televisheni. Sehemu ya juu ya eneo hilo, ile ya 700 na 800, ilihamishiwa kwenye huduma za simu na sasa inabeba mtandao wa 4G. Nyumba iliyo karibu na mnara wa simu ikifunga busta ya aina hiyo, inakuza mnara wa simu. Busta inashiba mawimbi ya jirani yake na matangazo ya mbali yanazama. Mwenye televisheni iliyoanza kusumbua baada ya mnara wa simu kusimikwa kijijini angeanza kwa kuichomoa busta na kutazama mstari wa ubora. Jaribio hilo ni la dakika mbili.

Baada ya hapo macho yaelekee juu. Antena iliyofungwa ndani, chini ya mabati, inafanya kazi ikiwa imefunikwa sufuria. Bati ni chuma na chuma huzuia mawimbi. Kuitoa nje tu, hata kwenye kona ya ukuta iliyo upande wa mnara, mara nyingi kunaleta mabadiliko kuliko kifaa chochote cha kununua. Miti nayo ina sehemu yake. Majani ya mwembe au shamba la migomba lililo mbele ya antena hunyonya mawimbi, hasa yakiwa yamelowa. Kuna nyumba ambazo televisheni yake huonekana vizuri kiangazi na kusumbua masika kwa sababu hiyo, na dawa yake ni kuhamisha antena mita tatu pembeni, si kununua nyingine.

Kimo nacho kina hesabu yake, na ni hesabu ambayo mkulima anayejua pale ambapo mfuko wa ziada wa mbolea hauongezi gunia la ziada ataielewa haraka. Kutokana na mviringo wa dunia, mnara wenye mita 100 katika nchi tambarare hufikisha mawimbi yake umbali wa kilomita 41 hivi kabla ya kuzama nyuma ya upeo. Antena iliyo mita 4 kutoka ardhini inaongeza kilomita 8 juu ya hizo. Ikiinuliwa hadi mita 9, inaongeza 12. Ikifikishwa mita 16, inaongeza 16. Kutoka mita 4 hadi 9 kinachohitajika ni mwanzi mzuri au bomba na mtu wa kusaidia kusimamisha. Kutoka 9 hadi 16 ni chuma kizito, waya za kukaza pande tatu, msingi wa zege na fundi wa kulipwa, na kilomita zinazopatikana ni zilezile 4. Kwa nyumba nyingi, kimo cha kuvuka mapaa na miti ya jirani kinatosha.

Hesabu hiyo inasaidia pia kusoma maboksi. Antena inayodai kukamata matangazo ya umbali wa kilomita mia kadhaa haijui mviringo wa dunia. Vivyo hivyo maandishi ya "antena ya dijitali" au "antena ya HD". Antena ni vipande vya chuma. Haijui kama mawimbi yamebeba analojia au dijitali. Antena ya zamani yenye vijiti vifupi, iliyotengenezwa kwa mawimbi ya UHF, bado ni mali hadi leo ikiwa haijaoza. Isiyofaa kwa matangazo ya UHF ni ile yenye fito ndefu tu za karibu mita moja na zaidi, ambayo ilikuwa ya mawimbi ya VHF.

Wakulima wa mbogamboga wa mabonde ya Lushoto au Mgeta wanajua jinsi mlima unavyoficha mtandao wa simu. Kwa televisheni hali ni hiyohiyo, na hesabu ya kilomita haisaidii pale ambapo kilima kimesimama katikati. Wakati mwingine mawimbi hugonga mlima wa upande wa pili na kurudi, hivyo antena hukamata vizuri ikiwa imeelekezwa kusiko na mnara. Aliye bondeni asione haya kuizungusha antena pande zote.

Kuzungusha kwenyewe kuna utaratibu, na wengi hukosea hapa. Enzi za chenga, mmoja alikuwa juu ya paa anazungusha na mtoto dirishani anapaza sauti: "Imekuja! Imepotea! Rudisha!" Dijitali huchelewa. King'amuzi kinahitaji sekunde kadhaa kuyashika mawimbi na kuyasoma, kwa hiyo mtoto anaposema imekuja, antena imeshapita. Inafaa kuisogeza kiasi cha upana wa kiganja, kusubiri mpaka mstari wa ubora utulie, ndipo isogezwe tena. Kazi ya dakika tano inakuwa ya nusu saa, na hiyo nusu saa ndiyo inayookoa fedha. Vilevile atazamwe jirani ambaye picha yake haisumbui: vijiti vya antena yake vimelala au vimesimama? Kuna minara inayorusha mawimbi ya kulala na mingine ya kusimama, na antena iliyofungwa kinyume hupoteza sehemu kubwa sana ya mawimbi hata ikiwa imeelekezwa sawasawa.

Kinachofuata ni kebo, ambayo kwa maoni ya mafundi wengi waaminifu ndiyo mwizi mkubwa kuliko wote. Kebo nzuri ya aina ya RG-6 yenye urefu wa mita 20 hupoteza karibu nusu ya mawimbi ya UHF yanayopita ndani yake. Ikiwa mita 40, kinachofika kwenye king'amuzi ni kama robo. Sasa afikiriwe mtu aliyenunua mita 40 "ili isipungue", akatumia 20 na zilizobaki akaziviringisha juu ya dari. Akikata zile mita 20 na kufunga kichwa upya, mawimbi yanayofika yanakuwa mara mbili, na hajatoa shilingi. Hakuna busta ya mnadani inayotoa faida safi namna hiyo. Kebo nyembamba hupoteza zaidi, na ile ambayo wavu wake wa nje ni nyuzi chache za kuhesabika huruhusu kelele kuingia njiani. Anayenunua aombe kuona ncha iliyochunwa kabla ya kulipa. Duka linalokataa kuchuna ncha limeshajibu.

Viungo huharibika kimyakimya. Kebo iliyounganishwa kwa kusokota nyuzi na kufungwa tepu, kichwa kilicholegea, na shimo ambalo maji huingilia kwenye antena ni mambo ya kawaida. Dalili yake ni mvua. Mvua inaweza kukata picha ya dishi kwa sababu ya aina ya mawimbi ya setilaiti, lakini mawimbi ya UHF ya mnara hayasumbuliwi na mvua kwa kiasi cha maana. Kwa hiyo nyumba ya antena inayopoteza picha kila mvua inaponyesha haina sababu ya kulaumu mawingu. Maji yameingia kwenye kebo, au mlingoti unayumba, au majani yaliyolowa yamesimama mbele. Kebo iliyonyonya maji haikauki ikarudi kama mpya. Ikatwe sehemu iliyobadilika rangi ndani. Kiungo kikielekezwa chini, kikafungwa mpira na kebo ikaachiwa mkunjo wa kudondosha maji kabla ya kuingia ndani, tatizo hilo halirudi haraka.

Na ambaye hana antena kabisa? Antena ya vijiti iliyobuniwa na Yagi na Uda nchini Japani miaka ya 1920 bado ni kifaa bora cha kununua, na ndiyo inayouzwa madukani. Lakini fundi wa kijiji anaweza kutengeneza nyingine kwa mabaki ya waya wa shaba wa nyumba. Waya mgumu wa urefu wa sentimita 108 unakunjwa kuwa miraba miwili iliyogusana kwa pembe, kila upande sentimita 13.5. Katikati, ncha mbili za waya zinakutana na kuungwa kwenye waya wa ndani wa kebo. Mkunjo ulio mkabala nazo unaungwa kwenye wavu wa nje wa kebo, na sehemu hizo mbili zisigusane. Nyuma yake, kwa nafasi ya sentimita 7 hadi 10, unasimamishwa ubao uliofunikwa wavu wa banda la kuku, upana wa sentimita 30 na urefu wa 50. Miraba ikisimama moja juu ya nyingine kama tarakimu 8, inapokea mawimbi ya kulala. Ikilazwa ubavu kwa ubavu, inapokea ya kusimama. Haiwezi kushindana na antena ndefu mahali pa mbali, lakini kwa aliye umbali wa kawaida inafanya kazi vizuri, na kuku hawatakosa kipande hicho cha wavu.

Busta si haramu. Ina mahali pake, nao ni juu kwenye mlingoti, karibu na antena, kabla kebo haijaanza kula mawimbi. Inastahili kununuliwa pale ambapo ubora ni mzuri juu kwenye antena lakini kebo lazima iwe ndefu, au pale ambapo antena moja inagawiwa nyumba na duka. Kigawanyio cha njia mbili humpa kila mmoja chini ya nusu, na hapo busta ya mlingotini inalipa. Anayeinunua atafute inayokomea megahezi 694 ili simu zibaki nje.

Wanaotumia umeme wa jua wana tatizo lao la pekee. Kidhibiti chaji cha bei ya chini, inveta isiyo na ubora na baadhi ya taa za LED hutoa kelele inayoingia moja kwa moja kwenye antena iliyo karibu. Jaribio ni kuzima kimoja kimoja huku mtu akitazama mstari wa ubora. Ukipanda taa fulani inapozimwa, mkosaji amepatikana, na balbu ni rahisi kuliko antena.

Ununuzi nao unahitaji tahadhari. King'amuzi au televisheni ya mtumba yenye alama ya DVB-T pekee haisomi matangazo ya DVB-T2, hata iwe na antena ya aina gani. Televisheni mpya nyingi zina kipokezi cha DVB-T2 ndani yake. Mwenye nayo achomeke antena na kutafuta vituo kwanza, aone anachopata, kabla ya kununua kisanduku cha ziada. Kwa kebo, kaya tano zikichangia rola moja la mita 100 kila moja inapata mita 20, na bei ya rola kwa kawaida ni nafuu kuliko ya kupimiwa.

Suala la radi halina mjadala. Mlingoti wa chuma uliosimama peke yake juu ya paa usiwekwe karibu na nyaya za umeme, uunganishwe na ardhi kwa waya mnene, na kebo ichomolewe dalili za radi zinapoanza. Maeneo ya Kanda ya Ziwa yanajua radi zaidi ya mengine. Asipande mtu juu ya paa wakati mawingu yamefunga, hata kama ni fainali.

Yote haya yangekuwa mepesi zaidi kama mtu asingelazimika kubahatisha. Anachohitaji fundi wa kijiji ni habari chache: mnara wa karibu uko wapi, unarusha kwa chaneli namba ngapi, na mawimbi yake yamelala au yamesimama. Kampuni zinazorusha matangazo zinazo habari hizo na mdhibiti wa mawasiliano anazo. Karatasi moja iliyobandikwa kwenye ofisi ya kata, penye tangazo la chanjo ya mbwa na orodha ya vocha za pembejeo, ingemwondolea mkulima gharama ya busta kadhaa. Nao wenye maduka wangeweza kuweka sharti moja tu kwenye risiti: mteja aijaribu kwake kwa siku tatu, mstari wa ubora usipopanda airudishe na apewe fedha yake.